Uzi maalum: Kurekodi upya nyimbo za country zilizosahaulika, kuanzia kutafuta chanzo hadi kuachia

MtunzaSanturi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaotaka kurekodi upya country ya zamani iliyoachwa njiani. Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams tunawajua, na bendi nyingi za Kenya zinawapiga vizuri. Hao hawajasahaulika. Hapa tuzungumzie zilizofunikwa na kivuli chao: upande wa pili wa santuri, nyimbo zilizorekodiwa mara moja tu, hasa za kuanzia 1927 hadi miaka ya 1950.

Mfano wa kwanza ni "Blue Eyes Crying in the Rain". Mtunzi ni Fred Rose, Roy Acuff akaurekodi miaka ya 1940, baadaye ukalala. Mwaka 1975 Willie Nelson akaurudia katika studio ya Autumn Sound, Garland, Texas, na ukawa wimbo wake wa kwanza kushika namba 1 akiwa mwimbaji. Hakuongeza vyombo, alivipunguza: gita la nyuzi za nailoni, ala chache kwa mbali, sauti mbele kabisa. Mpangilio ulibadilika, wimbo ukabaki ule ule.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nitautetea: uaminifu uwe kwa wimbo, si kwa santuri. Lakini huwezi kujua wimbo ni upi mpaka umefika kwenye chanzo, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanajifunza kutoka kwenye marudio ya marudio.

Anzeni na DAHR, hifadhidata ya rekodi za kale za Marekani ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Ni ya bure. Inaonyesha tarehe ya kurekodi, mji, namba ya matriki na idadi ya mara wimbo ulivyorudiwa siku hiyo. Namba ya matriki (ile iliyochorwa karibu na lebo) ina thamani kuliko namba ya katalogi, kwa sababu santuri moja ya katalogi inaweza kuwa na rekodi mbili tofauti zilizopishana maneno.

Kumbukeni pia kuwa santuri ya inchi 10 ilibeba kama dakika 3 tu. Wimbo wenye beti 6 uliimbwa beti 3 au 4, na zilizobaki zikatupwa. Mnaoufufua mna nafasi ya kuzirudisha, mradi mzipate kwenye nota zilizochapwa au kwa mwimbaji mwingine wa wakati ule. "Wildwood Flower" wa Carter Family, 1928, asili yake ni wimbo uliochapishwa 1860. Ulipopita mdomo kwa mdomo miaka 68, maneno yaliharibika hadi ua mojawapo linalotajwa halijulikani ni ua gani. Ukilinganisha na maandishi ya 1860, mistari kadhaa inaanza kueleweka.

---

KapoYaTatu

Asante mkuu. Swali: nikisikiliza rekodi za zamani, gita halilingani na tyuna (kifaa cha kupimia noti). Liko kati ya E na F. Nifuate ufunguo gani?

---

MtunzaSanturi

Kuna sababu mbili na lazima uzitenganishe.

Ya kwanza ni kasi. Tunaziita santuri za 78, lakini mashine za kurekodia hazikuwa sawa. Sahani iliyorekodiwa kwa mizunguko 76 ikichezwa kwa 78.26, sauti inapanda karibu nusu ya semitoni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za gita). Kanuni: kasi ikiongezeka asilimia 6, wimbo umepanda semitoni moja, na tempo nayo imepanda kwa kiwango hicho hicho. Hivyo "wimbo wa haraka" unaousikia unaweza kuwa haukuwa wa haraka.

Ya pili ni gita lenyewe. Maybelle Carter, mpiga gita wa Carter Family, mara nyingi alishusha nyuzi zote chini ya kiwango cha kawaida ili Sara, mwimbaji wao, aimbe kwa sauti yake nzito.

Namna ya kutegua: usitafute ufunguo, tafuta umbo la mkono. Sikiliza nyuzi za wazi. Kwa mtindo wa Carter, dole gumba linapiga melodi kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kinafagia kordi juu yake. Ukisikia noti ya uzi wa 4 ikipigwa wazi kisha kidole kikagonga kisehemu cha 2 (nafasi kati ya mistari ya chuma ya shingo) bila uzi kupigwa tena, hilo ni umbo la C. Ukishajua ni C, shusha gita lako lote au weka kapo (kibanio cha shingoni kinachopandisha nyuzi zote) hadi ulingane na rekodi. Ukilipiga kwa umbo la E kwa sababu tyuna imesema E, mlio ule hutaupata kamwe, maana nyuzi za wazi zimeangukia noti zingine.

Baada ya kuelewa, sahau ufunguo wao. Pima noti ya juu kabisa na ya chini kabisa ya melodi, linganisha na koo la mwimbaji wako, hamisha.

---

DadaWaNota

Naongeza jambo linalovuruga mazoezi kuliko yote: vipimo vilivyopinda. Nyimbo nyingi za miaka ya 1920 na 1930 hazina vipimo 4 kamili (mafungu ya midundo iliyo sawa) kwa kila mstari. Mwimbaji anashikilia neno la mwisho, gita linasubiri, unaongezeka mdundo mmoja au miwili. Au anavuta pumzi mapema na mdundo unakatika. Mpigaji wa leo mkono wake umezoea mraba, kwa hiyo anabadili kordi mapema. Mwisho wa siku bendi inanyoosha wimbo bila hata kujadiliana, na utamu wake unaondoka.

Dawa ni kuuandika kabla ya mazoezi. Tumieni mfumo wa namba wa Nashville, alioubuni Neal Matthews wa kundi la waimbaji la Jordanaires mwishoni mwa miaka ya 1950. Waliopita kwaya hawatapata shida: 1 ni do, 4 ni fa, 5 ni so. Kila namba ni kipimo kimoja. Kipimo chenye midundo isiyo ya kawaida andikeni idadi juu yake. Mstari unakuwa hivi:

1 1 4 1
1 1 5 (midundo 6) 1

Ukibadili ufunguo dakika ya mwisho kwa sababu mwimbaji ameamka na koo zito, karatasi haibadiliki.

Hesabuni midundo kwa mguu, si kwa kusoma skrini ya programu. Na msirekodi kwa metronomu ikiwa wimbo umepinda: gridi ya programu itahama mstari wa pili tu, na mtu atashawishika "kusahihisha". Wekeni tempo kwa kuhesabu nne za mwanzo, mwacheni mwimbaji aongoze. Tofauti ya mapigo 3 au 4 kwa dakika kati ya mwanzo na mwisho si kosa katika muziki huu.

---

KijanaWaRizim

Na pedal steel (gita la kulazwa linalopigwa kwa kutelezesha chuma, lenye pedali za kubadili noti)? Kuna sauti nzuri sana za kompyuta siku hizi. Wimbo wa 1949 ukiwekewa steel unapata ladha ya country papo hapo.

---

ChumaKwenyeNyuzi

Taratibu hapo, ndugu yangu. Steel ya 1949 si steel unayoifikiria. Ule mlio wa noti moja kupanda ndani ya kordi huku nyingine zikibaki palepale unatoka kwenye pedali, na uliingia country kwa kishindo mwaka 1954, Bud Isaacs alipoupiga kwenye "Slowly" wa Webb Pierce. Kabla yake, Don Helms aliyempigia Hank Williams hakutumia pedali kabisa. Sauti yake ni kali, ya juu, noti mbili kwa pamoja, chuma kikiteleza chote mara moja.

Sisemi ni haramu kutumia pedali kwenye wimbo wa 1949. Nasema jua unachobadilisha. Steel ya pedali inajaza katikati ya masafa, palepale penye sauti ya mwimbaji. Isiyo na pedali inakaa juu yake. Ukikosa mpigaji, chukua gita la kawaida, liwekee nyuzi zinazofaa mpangilio wa C6 (kutoka chini: C E G A C E), inua nyuzi kwa kipande cha juu cha kuinulia nyuzi, tumia chuma kizito. Kosa la wanaoanza ni kubonyeza chuma. Kiguse tu, kikae juu kabisa ya mstari wa chuma wa shingo (si nyuma yake kama kidole), na vidole viwili vya nyuma ya chuma vilale kwenye nyuzi kuzima milio ya ziada. Sampuli za kompyuta zinashindwa kuteleza kati ya kordi. Sikio linagundua hata kama halijui limegundua nini.

Nafasi ikibaki tupu, njia rahisi ni gita la pili lenye nyuzi za Nashville: nyuzi nne nene zinabadilishwa kwa nyembamba na kupandishwa oktavo moja. Vipimo vya kawaida kutoka uzi wa 1: .010, .014, .009, .012, .018, .027. Linapiga rizim ile ile ya gita la kwanza, kwa chini sana. Halisikiki kama gita la pili, linasikika kama gita moja lenye mwanga.

---

HakiZaMtunzi

Twende kwenye haki, maana wimbo unaweza kukamilika ukaondolewa siku ya tatu.

Wimbo una haki mbili: ya utunzi (maneno na melodi) na ya rekodi. Ukirekodi upya, rekodi ni yako. Unashughulika na utunzi tu. Ukichukua sekunde 5 za santuri ya zamani ukaweka mwanzoni "kwa ladha", umegusa na ile ya pili. Marekani, rekodi za kabla ya 1923 ziliachiliwa kwa umma 1 Januari 2022. Za 1923 hadi 1946 zinalindwa miaka 100, za 1947 hadi 1956 miaka 110, na za kuanzia 1957 hadi 15 Februari 1972 zinalindwa mpaka 2067.

Kwa utunzi, kazi zilizochapishwa Marekani 1928 zilikuwa za umma 1 Januari 2024, za 1929 mwaka uliofuata, na kuendelea. Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu: kwa sheria yao, kuuza santuri kabla ya 1978 hakuhesabiwi kuwa kuchapisha utunzi. Kwa hiyo "ulirekodiwa 1928" si ushahidi. Unatafuta nota zilizochapwa au usajili katika katalogi za zamani za ofisi ya hatimiliki ya Marekani, ambazo zimeskaniwa na zinasomeka mtandaoni. Humo pia utaona kama kazi ya kabla ya 1964 ilihuishwa (ulinzi wake kuongezwa) mwaka wake wa 28. Isiyohuishwa ilitoka kwenye ulinzi.

Utunzi ukiwa bado na mwenyewe, sheria ya Marekani inakupa leseni ya lazima ya kunakili: wimbo ukishatolewa mara moja kwa idhini, mtu yeyote anaweza kuurekodi akilipa kiwango kilichowekwa. Mwaka 2025 kilikuwa senti 12.7 za dola kwa kila nakala ya wimbo usiozidi dakika 5. CD 500 ni dola 63.50 kwa wimbo huo. Unatuma taarifa kwa mwenye haki kabla ya kusambaza. Kwa kusikilizwa mtandaoni ndani ya Marekani, majukwaa yenyewe yanalipa kupitia MLC, shirika linalokusanya malipo hayo, tangu 2021. Tafuta wamiliki kwenye ukurasa wa utafutaji wa MLC na kwenye Songview, hifadhidata ya ASCAP na BMI (mashirika ya haki za watunzi ya Marekani).

Leseni hiyo haihusu video. Ukiweka picha juu ya wimbo, ruhusa ya mchapishaji inahitajika pekee yake.

Na kwa waliopo nyumbani: Kenya na Tanzania utunzi unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Hank Williams alifariki 1 Januari 1953, Fred Rose 1954. Kwa sheria hizo mbili muda wao umekwisha, lakini wimbo ukipakiwa kwenye jukwaa la dunia nzima unafika Marekani, na huko haujaisha. Hakikisha unaruhusiwa na huko pia, au zuia nchi hiyo kwenye fomu ya msambazaji (kampuni inayopeleka wimbo wako kwenye majukwaa).

---

BintiPwani

Nikitaka kuimba kwa Kiswahili?

---

HakiZaMtunzi

Tafsiri si marudio ya kawaida, dada. Leseni ya lazima inakuruhusu kupanga wimbo kwa mtindo wako bila kubadili melodi ya msingi na tabia ya wimbo. Tafsiri ni kazi mpya inayotokana na ile, inahitaji barua ya mchapishaji. Ndiyo maana nyimbo za umma ni mahali pazuri pa kuanzia: "Wildwood Flower" kwa maandishi ya 1860 ni huru, na tafsiri yako itakuwa yako.

---

DadaWaNota

Kwa upande wa ufundi wa tafsiri, BintiPwani, ugumu si maneno, ni mkazo. Nyimbo nyingi za milimani kule Appalachia zina mstari wa mizani 8 ukifuatiwa na wa 6. Mizani 8 kwetu si ngeni, ni kipande kimoja cha shairi. Ila Kiingereza kinaweka maneno saba humo, Kiswahili kinaweka matatu au manne. Beti mbili za Kiingereza zitakuwa picha moja ya Kiswahili. Chagua picha, acha mengine.

Halafu mstari wao mara nyingi unaishia kwenye silabi yenye mkazo, juu ya mdundo mzito. Sisi mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiliacha neno liishe pale pale, "moyoni" inaimbwa "moyoNI", kama inavyosikika kwenye baadhi ya tenzi za kanisani zilizotafsiriwa zamani. Ipasue noti ya mwisho: "yo" ikae kwenye mdundo mzito, "ni" ifuate nusu mdundo baadaye. Mwanzoni mwa mstari ondoa silabi moja ili hesabu isizidi. Soma mstari kwa kupiga makofi kabla ya kuuimba. Kofi likiangukia silabi isiyo na mkazo, badilisha neno, usibadilishe matamshi.

Muziki huu haukusubiri leo kuingia lugha zetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba "Chemirocha", jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani, lilivyogeuka baada ya santuri zake kufika kule. Hawakumwiga hata noti moja. Walimtia ndani ya wimbo wao.

---

FundiMitambo

Nimesubiri zamu ya studio. Mambo machache yanayoharibu kazi nzuri.

Mwimbaji anayejipigia gita arekodiwe pamoja. Ukitenganisha, gita linakuwa la mashine na sauti inapoteza pumzi. Tatizo ni maiki mbili kusikia vitu vyote viwili na kufutana. Tumia maiki mbili zenye umbo la nane (zinasikia mbele na nyuma, pembeni hazisikii). Ya sauti igeuze ili upande wake usiosikia uelekee gita, ya gita igeuze upande usiosikia uelekee mdomo. Ukifunga macho utadhani walirekodiwa vyumba viwili. Ukiwa na kadioidi tu (maiki inayosikia zaidi mbele), kanuni ni tatu kwa moja: maiki ya gita ikiwa sentimita 20 kutoka gitani, ya sauti isiwe karibu nayo chini ya sentimita 60.

Gita: elekeza kisehemu cha 12, sentimita 20 hadi 30, si tundu. Tunduni kuna ngurumo kati ya hezi 100 na 200 utakayopambana nayo mpaka mwisho. Nyuzi zisiwe mpya kabisa. Zipigwe siku mbili kwanza, la sivyo zinameremeta kuliko maneno.

Rekodi kwa biti 24, kilohezi 48, kilele kisizidi desibeli -10. Muziki huu una kunong'ona na kupaza ndani ya mstari mmoja.

Kwa nyimbo za Nashville za mwishoni mwa miaka ya 1950, kumbukeni Jim Reeves kwenye "Four Walls", 1957: alisogelea maiki na kuimba chini. Joto lile linatoka kwenye umbali, si kwenye kifaa. Sentimita 8 hadi 10, maiki iko pembeni kidogo ya mdomo ili P na B zisipige.

Msiongeze mikwaruzo ya santuri. Rekodi za umeme za mwanzo, mwishoni mwa miaka ya 1920, ziliishia takriban hezi 5,000 au 6,000 kwa sababu mashine zilishindwa kuvuka hapo, si kwa sababu waimbaji walitaka. Ukikata masafa yako hivyo, unarudisha udhaifu wa chombo na kuficha koo la mtu.

Mwisho kabisa: LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) -14, kilele halisi -1. Ukisukuma hadi -8, jukwaa litakushusha tu, na mapengo kati ya mistari yatakuwa yamejaa.

---

KijanaWaRizim

Kwa hiyo ngoma tuzisahau? Vijana hawasikilizi kitu kisicho na ngoma.

---

MtunzaSanturi

Hapana, na historia iko upande wako. Ricky Skaggs alichukua "Crying My Heart Out Over You", ambao Flatt na Scruggs waliutoa 1960 bila kufika kileleni, akauwekea ngoma na steel, ukashika namba 1 mwaka 1982. Hakulainisha melodi wala sauti za juu za bluegrass (country ya ala za nyuzi zisizo za umeme). Ngoma zilitembea nyuma ya gita, hazikuliongoza. Kwa vitendo: burashi kwenye snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali), mdundo wa 2 na wa 4, besi ya mbao kwenye 1 na 3, na mpiga ngoma awe na ile karatasi ya DadaWaNota mbele yake. Asiyejua mdundo wa ziada uko wapi, asianze.

Nyingine ni "Man of Constant Sorrow". Dick Burnett aliuchapa karibu 1913, Emry Arthur akaurekodi 1928, Stanley Brothers 1950, kisha Dan Tyminski akauimba kwa filamu ya mwaka 2000, "O Brother, Where Art Thou?", na albamu ya filamu hiyo ikapata Grammy ya albamu ya mwaka. Kila mmoja alibadili tempo au mpangilio wa sauti. Ukisikiliza rekodi hizo tatu kwa mfululizo, melodi unaitambua tangu mstari wa kwanza.

---

KapoYaTatu

Swali la mwisho kwangu. Wimbo ni wa umma, nyaraka ninazo, lakini jukwaa la video linasema una mwenyewe. Inakuwaje?

---

HakiZaMtunzi

Chanzo ni cha zamani. Ralph Peer, aliyerekodi Carter Family na Jimmie Rodgers huko Bristol, Agosti 1927, biashara yake ilikuwa haki za utunzi. Nyimbo za kale zilizopangwa upya zilisajiliwa kwa majina ya waimbaji. Usajili ule bado upo kwenye mifumo, na mashine inatambua melodi tu, haijui 1860 ni nini.

Kabla ya kupakia, andaa faili moja: picha ya nota za zamani zenye mwaka, na orodha ya mistari unayoimba ukionyesha inatoka wapi. Imba kwa maandishi yale ya zamani, si yale ya 1928, maana beti au mapambo yaliyoongezwa baadaye yanaweza kuwa na mwenyewe. Dai likija, pinga kwa sababu ya "mali ya umma", taja mwaka na mchapishaji wa kwanza. Usiandike insha.

Kwenye fomu ya msambazaji jaza mtunzi kwa jina lake kamili. Usiache wazi wala usiandike jina lako, hata kama mpangilio ni wako: wewe andikwa mpangaji. Tia alama kuwa ni marudio. Jina la mwimbaji wa kwanza lisionekane kwenye kichwa cha wimbo, maduka hukataa. Liweke kwenye maelezo, pamoja na mwaka na namba ya matriki, ili anayesikia kwako aweze kurudi kwao.